Mtu Mzima Mwenye Ulemavu wa Akili: Je, Ana Usonji Pia?

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Kama una kazi mkononi, endelea nayo, mradi sikio liwe kwangu kwa dakika hizi chache.

Kipindi kilichopita tulizungumza juu ya mtoto anayechelewa kuongea, na tukataja usonji. Siku chache baadaye mama mmoja alinifuata kliniki akaniambia: "Sista, hayo yote umeyasema ya watoto. Wangu ana miaka 34. Tangu zamani tuliambiwa akili yake haikukua, tukanyamaza. Lakini ulivyokuwa ukieleza, mimi nilikuwa namwona yeye. Je, kwake muda umepita?"

Muda haujapita. Najua wako wengi wenye swali kama hilo ambao hawakupata nafasi ya kuja kliniki, kwa hivyo leo nitawajibu pamoja.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ulemavu wa akili ni pale ambapo uwezo wa mtu wa kuelewa, kujifunza na kujitunza umekuwa chini sana kuliko wa wenzake tangu utotoni. Kuvaa shati bila kuligeuza, kuhesabu pesa, kwenda dukani na kurudi na chenji kamili, mambo kama hayo humshinda au humchukua miaka mingi kuyajua. Usonji ni kitu kingine. Nao pia ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza mapema sana maishani, lakini huonekana hasa katika namna mtu anavyohusiana na kuwasiliana na wenzake, na katika kushikilia mambo yale yale, kurudia rudia, na kuwa na hisi kali mno au hafifu mno. Sauti ambayo wewe huisikii, yeye inamchoma. Jeraha ambalo wewe lingekuliza, yeye halishughulikii.

Mtu anaweza kuwa na kimoja bila kingine. Wako watu wenye usonji ambao ni wahandisi na walimu. Lakini mara nyingi viwili hivi hukaa nyumba moja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Nchini Marekani, ambako hesabu huwekwa kwa makini, zaidi ya theluthi moja ya watoto wenye usonji waliopimwa akili walionekana kuwa na ulemavu wa akili pia. Kwa hivyo, tukienda kwa wale ambao tayari wana ulemavu wa akili, tutarajie kuukuta usonji mara nyingi kuliko tukimchukua mtu yeyote njiani.

Na wacha niseme haraka kabla simu hazijaanza kulia: usonji si laana, hauambukizi, hauletwi na chanjo, wala hauletwi na mama asiyempenda mtoto wake. Mwaka 2015 watafiti wa Kilifi na wenzao walichapisha matokeo ya mazungumzo yao na wazazi na wataalamu wa Pwani yetu, na wengi walitaja pepo wabaya, uchawi na laana pamoja na sababu za kihospitali. Sishangai. Mtu asipopewa maelezo kliniki, atayatafuta kwingine, na huko kwingine huombwa mbuzi.

Sasa, ilikuwaje mtu afike miaka 34 bila mtu yeyote kutaja usonji? Jibu liko katika miaka yenyewe. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika juu ya watoto 11 wa aina hii mwaka 1943, na kwa muda mrefu watu wakadhani ni jambo la watoto tu. Wale watoto walikua. Wa kwanza katika orodha yake, Donald Triplett wa jimbo la Mississippi, alifariki mwaka 2023 akiwa mzee wa miaka 89, na hali yake alikuwa nayo hadi mwisho. Huko London mwaka 1979 Lorna Wing na Judith Gould walichapisha uchunguzi wao wa mtaa wa Camberwell, wakaonyesha kwamba dalili hizi ni nyingi sana miongoni mwa watoto wenye ulemavu wa akili. Lakini habari kama hizo zilichukua muda mrefu kufika kwetu. Hapa Kenya, chama cha wazazi cha Autism Society of Kenya kilianzishwa mwaka 2003, na mwaka huo huo darasa la watoto wenye usonji likafunguliwa katika Shule ya Msingi ya City, Nairobi. Fanya hesabu mwenyewe. Aliyezaliwa mwaka 1988 alikuwa tayari ana miaka 15. Kama alikuwa anaishi mashambani, mbali na Nairobi, nani angemwona?

Sababu ya pili ni kwamba jina la kwanza hufunika jina la pili. Mwaka 1982 mwanasaikolojia Steven Reiss na wenzake wa Marekani walionyesha kwamba mhudumu wa afya akishajua kwamba mtu ana ulemavu wa akili, kila kitu kingine kinachomsumbua mtu huyo huingizwa chini ya kivuli hicho. Anajipiga kichwa? Ni akili. Halali usiku? Ni akili. Haangalii watu? Ni akili hiyo hiyo. Na sisi wauguzi tumo humo humo. Foleni ni ndefu, jina limeshaandikwa kwenye kitabu, basi tunapita.

Tutawezaje kuondoa kivuli hicho? Hapa ndipo ningependa unisikilize kwa makini, kwa sababu ndilo jambo lenyewe.

Usimlinganishe na wa rika lake. Mlinganishe na mtoto wa umri ambao uelewa wake umefikia. Tuseme kaka yako ana miaka 30 lakini uelewa wake ni kama wa mtoto wa miaka mitatu au minne. Sasa mfikirie mtoto wa kawaida wa miaka mitatu. Akimwona kifaranga kipya anakimbia kukuita uje uone. Ndege ikipita juu anainyooshea kidole, kisha anageuka kukutazama wewe, ahakikishe kwamba nawe umeiona. Ukitwanga, naye anatafuta kijiti atwange. Anajificha nyuma ya mlango akicheka, akingoja umtafute. Ukilia, anakuja kukuchungulia usoni. Hata mtoto wa mwaka mmoja na nusu, ambaye hajui maneno kumi, anayafanya baadhi ya haya.

Kwa hivyo mtu mwenye ulemavu wa akili peke yake, hata kama ni mzito wa kuelewa, kwa kawaida anakutafuta. Anakuonyesha. Anafurahi nawe. Lakini ukimwona mtu ambaye anajua kuvaa, anajua njia ya kwenda kwenye mashine ya kusaga unga na kurudi, anatambua viatu vya kila mtu pale mlangoni, na bado tangu utoto hajawahi kukuonyesha kitu kwa ajili ya kufurahi nawe tu, hapo pana pengo. Uelewa uko juu kidogo, uhusiano uko chini sana. Pengo hilo ndilo wataalamu wanalolitafuta. Kitabu cha vigezo cha madaktari wa akili wa Marekani kilichotoka mwaka 2013 kinasema waziwazi kwamba hali zote mbili zinaweza kutajwa kwa mtu mmoja ikiwa mawasiliano yake na watu yako chini ya kile kinachotarajiwa kwa kiwango chake cha ukuaji. Kwa yule ambaye uelewa wake haujafika hata wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, kutenganisha ni kazi ngumu sana hata kwa mabingwa, na usikubali mtu akupe jibu la haraka.

Taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, inayoitwa NICE, ilitoa mwongozo mwaka 2012 juu ya usonji kwa watu wazima. Kwa wale wenye ulemavu wa akili wa kiasi au mkubwa haipendekezi ile hojaji fupi ya kujijazia mwenyewe, kwa sababu wengi hawawezi kuijaza. Inasema mwulize mtu anayeishi naye au anayemjua vizuri. Nitakueleza mambo yanayoulizwa, lakini kwa mifano ya kwetu.

Anahusiana vipi na watu? Wengine hujitenga kabisa; wageni wakiingia hageuzi hata kichwa. Wengine hukujia pale tu wanapotaka kitu: anakushika mkono, anauvuta hadi kwenye kopo la sukari, kana kwamba mkono wako ni kijiti cha kuangulia maembe, na wewe mwenye mkono humo. Wengine huongea, tena sana, lakini ni mazungumzo ya upande mmoja, namba za matatu, siku za kuzaliwa, au swali lile lile mara arobaini kwa siku, na jibu anajua. Je, ukimwita au ukimsemesha, anaitika kwa namna yoyote? Je, tabia yake hubadilika kulingana na mahali? Wenye ulemavu wa akili peke yake, wakifika matangani, wengi hunyamaza. Wanahisi kuna jambo. Mwingine atacheka matangani kama alivyocheka jana harusini, na si utovu wa adabu. Je, mama akijikata kidole, anaonyesha dalili yoyote ya kumhurumia? Hapa tuwe waangalifu. Mtu asiyeonyesha si lazima awe hapendi. Nimewaona waliokataa kula siku tatu mama alipolazwa hospitalini, nao hawajawahi kumkumbatia.

Kisha kuna upande wa mazoea. Kikombe ni kile kile cha buluu. Njia ya kwenda kanisani au msikitini ni ile ile, hata kama imefurika. Kiti kikisogezwa anakirudisha. Na kuna miendo ya kurudia rudia: kujitikisa mbele na nyuma, kupiga piga mikono, kuchezesha vidole mbele ya macho, hasa akiwa na wasiwasi au furaha nyingi. Mwongozo ule unasema kwamba makundi mawili au zaidi ya dalili hizi yakionekana, mtu apewe nafasi ya uchunguzi kamili.

Angalia, nimesema nafasi ya uchunguzi kamili. Sikusema kwamba ana usonji. Uchunguzi wa awali ni chekeche. Unga ukipita kwenye chekeche haujawa ugali.

Mtaniuliza juu ya macho, kwa sababu kila mtu amesikia kwamba mwenye usonji hakutazami machoni. Jamani, katika jamii zetu nyingi mtu aliyelelewa vizuri hamkodolei macho mkubwa wake. Nikimtazama kijana mbele ya baba yake na mbele yangu na nguo zangu za kazi, macho yake yatakuwa chini, na hilo halinielezi chochote. Mtazame akiwa na watoto wa nyumbani, au na yule shangazi anayempenda. Hapo ndipo macho yanasema kweli.

Nikupe kisa kimoja. Katika boma moja nililotembelea na mhudumu wa afya ya jamii alikuwapo dada wa miaka 41. Hasemi. Anajua kuchambua maharagwe kuliko mtu yeyote pale nyumbani, jiwe halimpiti. Tatizo lilikuwa mvua. Mvua ikianza, alitoka mbio kwenye nyumba na kukimbilia shambani, usiku au mchana, mara moja akaokolewa karibu na mto. Kwa hivyo kila msimu wa mvua alifungwa kamba kiunoni, ncha nyingine kwenye mguu wa kitanda. Hawakuwa watu wabaya. Mama yake ana zaidi ya miaka 70, hawezi tena kumfukuza mtu gizani. Walikuwa wamempeleka kwa watu wa kupunga pepo mara mbili, na hospitali moja ilimwanzishia sindano ya kila mwezi iliyomfanya alale na kutokwa mate.

Tulikaa pale saa nyingi tukiuliza. Mabinamu wakiimba, anaziba masikio. Bodaboda ikiingia bomani, anaziba masikio. Nyumba yao ilikuwa imejengwa upya kwa mabati, na nilipouliza ni lini alianza kukimbia, wakatazamana: ni baada ya kuhamia nyumba hiyo. Zamani walikaa kwenye nyumba ya nyasi. Hakukimbilia mvua, alikimbia kelele za mabati. Mengine yakafuata: hajawahi kunyoosha kidole kuonyesha kitu, huvuta mkono wa mtu, hulala upande mmoja tu wa kitanda, na mlango wa jikoni ukiachwa wazi hafanyi kazi mpaka ufungwe. Alipelekwa hospitali ya kaunti, akachunguzwa na daktari wa magonjwa ya akili pamoja na wenzake kwa siku mbili tofauti, na jibu likawa ni yote mawili. Hakuongezewa dawa. Ile sindano ilipunguzwa pole pole chini ya uangalizi wao. Siku hizi mawingu yakikusanyika anaingia jikoni, kwenye paa la nyasi, anajikunyata pale na ungo wake. Kamba imerudi kwa mbuzi. Bado hasemi, na wageni wakiwa wengi bado hung'oa nywele zake.

Lakini kuna upande mwingine wa jambo hili. Nilimwona kijana wa miaka 26 ambaye kila swali la orodha lilimshika. Haitiki, hacheki na watu, anajitikisa, anakaa peke yake nyuma ya choo. Ungeuliza maswali tu ungeondoka ukiwa na uhakika. Masikio yake yalipopimwa, alikuwa hasikii karibu kabisa. Akiwa mtoto aliugua homa ya uti wa mgongo. Alipoanza kufundishwa ishara na mwalimu wa viziwi, alianza kuwafuata watu na kuwaonyesha vitu. Uelewa wake ulikuwa mdogo, lakini hamu ya watu alikuwa nayo muda wote, na hakuna aliyeisikia.

Ndiyo maana nasema masikio kwanza. Usaha wa miaka mingi na nta iliyojaa ni mambo tunayoweza kuyaona katika kituo chochote cha afya. Kisha macho. Halafu uliza maisha aliyoishi: mtu aliyefungiwa chumbani miaka kumi, asiyesemeshwa ila wakati wa chakula, atajitikisa na kuwakwepa watu hata kama hana usonji. Na uliza ni lini mambo yalianza. Usonji hauanzi mtu akiwa na miaka 28. Aliyekuwa mchangamfu akajitenga mwaka huu, huyo tafuta kitu kingine: jino bovu, choo kilichofunga, kifafa, huzuni ya kufiwa, kupigwa au kunajisiwa na mtu asiyeweza kumtaja. Kwa mwenye sindromu ya Down aliyefika miaka 40 na zaidi, huenda ni tezi ya shingoni au usahaulifu wa uzeeni unaowajia mapema. Na hao hao wenye sindromu ya Down, kwa kuwa wanajulikana kwa kupenda watu, mara nyingi hakuna anayefikiria usonji hata pale ambapo upo.

Kuhusu vipimo vyenyewe, hakuna cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha usonji. Ni kuuliza na kutazama. Ziko hojaji zilizotungwa kwa ajili ya watu wazima wenye ulemavu wa akili. Ujerumani, Tanja Sappok na wenzake wa Berlin walitengeneza moja yenye maswali 19, inaitwa DiBAS-R, ambayo hujazwa na walezi wasio na utaalamu wowote. Wenzao hao pia walibuni uchunguzi wa kutumia muziki. Mtu mzima asiyesema hupewa ngoma na vyombo vingine, na mtaalamu anacheza naye huku akitazama: je, anapokezana? Anaiga? Anafurahia pamoja nami au anapiga peke yake? Mimi nimeipenda hiyo. Ile michezo inayotumika katika vipimo vingine, kama kumfanyia mwanasesere sherehe ya siku ya kuzaliwa, ni ya watoto, tena watoto wa kwingine. Mtu wa miaka 40 ambaye hajawahi kuona keki yenye mishumaa, utampima nini hapo? Ngoma anaijua. Hata hivyo, alama za hojaji zilizotungwa kwa familia za Ulaya tusizichukue kama mizani ya dukani. Zinamsaidia daktari ajue aulize wapi zaidi, basi.

Sasa wewe ufanye nini. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, mweleze muuguzi au afisa wa kliniki, na uombe barua ya kwenda hospitali ya kaunti, kliniki ya afya ya akili. Kwa walio Nairobi na karibu, kuna Mathari. Tumia maneno haya haya: "Ana ulemavu wa akili, lakini naomba aangaliwe kama ana usonji pia." Usiseme tu "ana fujo", maana utapewa dawa ya fujo.

Siku ya kwenda, chukua mtu anayekumbuka miaka yake mitano ya kwanza. Kama mama hayupo tena, dada mkubwa, nyanya au jirani wa zamani atafaa. Mzee huyo asiulizwe "alianza kuongea akiwa na miezi mingapi", kwa sababu hakuna anayekumbuka miezi. Muulize: mdogo wake alipozaliwa, yeye alifanya nini? Mwaka ule wa mvua za El Nino, 1997, alikuwa ameanza kuita mama? Wenzake wakicheza kujificha, alikuwa wapi? Maswali ya namna hiyo huleta picha. Beba kadi ya kliniki kama ipo, ripoti za shule, na dawa zote anazotumia, hata zile za mitishamba. Kama simu yako ina kamera, mchukue video fupi akiwa nyumbani katika hali yake ya kawaida, kwa sababu hospitalini atakuwa mtu mwingine. Mwombe muuguzi amwone mapema kabla foleni haijajaa. Na kabla ya hayo yote mwambie yeye mwenyewe mnakokwenda, kwa maneno machache, au kwa kumwonyesha picha ya hospitali. Ni mtu mzima. Tusimzungumzie juu ya kichwa chake kama vile yeye ni kiti. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inampa haki ya kuheshimiwa na ya kutoitwa majina ya kudharaulisha, kwa hivyo lile neno zuzu tuliache mlangoni.

Hakuna dawa inayoondoa usonji. Ziko dawa kama haloperidol na risperidone ambazo hutolewa kwa mtu mwenye vurugu, na kuna wakati zinahitajika, lakini zinaweza kukaza viungo, kuongeza uzito na kumfanya mtu asinzie mchana kutwa. Kama ndugu yako yuko kwenye dawa hizo miaka na miaka na hakuna anayekumbuka kwa nini, omba zipitiwe upya. Usizikatishe mwenyewe. Na za kifafa ndizo kabisa, usiziguse.

Faida ya kujua iko katika mambo ya kila siku. Ukijua kwamba ni usonji, utamwambia jana kwamba kesho kuna wageni. Utatumia maneno matatu badala ya kumi. Utachora ukutani kwa mkaa: chai, shamba, kuoga, kulala, na utamwonyesha kinachofuata. Kikombe cha buluu kikivunjika utatafuta kingine cha buluu badala ya kumchapa kwa ukaidi. Ripoti ya hospitali pia itakusaidia kumsajili katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na haki zake chini ya Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025.

Na kuna lile swali ambalo mama wa miaka 34 hakuuliza ila alikuwa nalo machoni. Nani atamshika yeye akiondoka? Mara nyingi ni ndugu anayeishi mjini, au mke wa ndugu, mtu asiyejua kwamba mlango wa jikoni lazima ufungwe na kwamba mabati yanamtesa. Atamkuta na "fujo" mwezi wa kwanza, na kamba itatoka tena. Kwa hivyo nunua daftari la kurasa 32. Kama hujui kuandika, mjukuu ataandika. Andika anachokula na anachokitapika, sauti anazoziogopa, anavyoonyesha kwamba tumbo linauma, wimbo unaomtuliza, nani anaruhusiwa kumnyoa, dawa na saa zake. Mpe nakala yule unayemdhania atamlea, ukiwa bado una nguvu, kisha waache wakae pamoja wiki moja wewe ukiwa karibu.

Mpenzi msikilizaji, wiki ijayo saa kama hii tutazungumza juu ya kifafa, kwa kuwa kinawapata wengi wa hawa tuliowataja leo. Nakutakia siku njema, kwaheri.